Tahariri: Ghala la mbegu za mwanaume linaweza kuwa tupu, ni wakati wa kulisema wazi

Katika familia nyingi za Kivu, Ituri, Maniema na Katanga, ndoa ikipita miaka miwili bila mtoto, macho ya kwanza yanamgeukia mwanamke. Mama mkwe anauliza, mashangazi wananong'ona, kanisani wanaombea tumbo la bibi. Bwana hapelekwi popote. Akiwa na ndevu, sauti nzito na nguvu za kulima ao za kubeba mizigo, kesi yake imefungwa: yeye ni mzima. Mwanamke anaweza kurudishwa kwao, mahari ikadaiwa, bibi wa pili akaletwa, na bado nyumba ikakaa bila mtoto.

Mwezi wa 4 mwaka wa 2023, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitangaza kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 6 duniani anapambana na shida ya kukosa uzazi katika maisha yake. Madaktari wa uzazi wanasema kwamba karibu nusu ya visa hivyo vinamhusu mwanaume, peke yake ao pamoja na bibi yake. Habari hiyo si mpya. Lakini katika mabaraza ya familia bado haijaingia.

Swali ambalo halijibiwi nyumbani wala kwa mfumu, na mara nyingi hata hospitalini, ni hili: inawezekana namna gani mwanaume mwenye nguvu zote akose mbegu? Sehemu kubwa ya jibu iko katika seli chache sana zilizojificha ndani ya korodani, ambazo wanasayansi walizitafuta kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kuwa na njia ya kuzitambua kwa hakika. Zinaitwa seli shina za mbegu za kiume. Si jambo la wasomi wa Ulaya na Marekani peke yao. Linamgusa mvulana anayetibiwa kansa, mtoto mwenye ugonjwa wa SS, na hata mtoto mchanga aliyezaliwa wiki hii katika kituo cha afya huko Kabare ao Beni.

Kwanza, nguvu na mbegu si kitu kimoja. Ndani ya korodani, ambazo wengi huku mashariki wanaziita mapumbu, ni kama kuna mafundi wawili wanaokaa katika lupango moja bila kufanya kazi ileile. Fundi wa kwanza ni seli za Leydig, zinazotengeneza homoni ya testosteroni: ndevu, sauti, misuli, hamu ya tendo la ndoa. Fundi wa pili anakaa ndani ya mirija myembamba iliyojikunja, ambayo ikinyooshwa na kuunganishwa inafikia mamia ya mita. Humo ndimo mbegu zinatengenezwa. Fundi wa kwanza anaweza kuendelea na kazi yake vizuri huku karakana ya pili imefungwa zamani.

Ndiyo maana dawa za nguvu za kiume zinazouzwa sokoni na katika redio za mtaani hazijibu shida ya kukosa mtoto. Mbaya zaidi, sindano za testosteroni, ambazo wanaume wengine wanajidunga bila agizo la daktari, zinapunguza utengenezaji wa mbegu, na wakati mwingine zinausimamisha kabisa, kwa sababu ubongo ukiona homoni ni nyingi unaacha kuiagiza korodani ifanye kazi.

Sasa tuingie katika karakana hiyo ya pili. Mwanaume mzima mwenye afya anatengeneza mamilioni mengi ya mbegu kila siku, na kila moja inachukua karibu siku 74 kukomaa. Anaweza kuendelea hivyo tangu ubalehe mpaka uzee. Akiba hiyo inatoka wapi bila kwisha? Mkulima wa maharagi anaweza kuelewa haraka kuliko mwanafunzi wa biolojia. Mavuno yakifika, hawezi kupika yote. Anatenga sehemu moja kwa ajili ya kupanda tena. Familia inayokula hata ile mbegu iliyotengwa inashiba mwezi huu, lakini msimu unaofuata shamba linakaa bure.

Seli shina zinafanya hesabu hiyohiyo. Zikijigawa, sehemu ya watoto wao inabaki kuwa seli shina, ndiyo akiba ya kupanda. Sehemu nyingine inachukua njia ya kukomaa: zinajigawa mara nyingi, zikiwa mbili, nne, nane, kumi na sita, zimeshikamana kwa vidaraja vidogo kama watoto walioshikana mikono, hadi mwisho zinakuwa mbegu zenye mkia. Zikifika mbali katika njia hiyo hazirudi tena. Mizani kati ya kutunza na kutoa ndiyo siri ya uzazi wa kiume kwa wanyama wote wanaonyonyesha, panya, mbuzi, ng'ombe, nyani na mtu.

Kuisema ni rahisi. Shida ilikuwa kuionyesha. Ukikata kipande chembamba cha korodani na kukiweka chini ya mikroskopi, unaona seli nyingi za mviringo ukutani mwa mrija, zinafanana kama punje za mtama. Ni ipi iliyo akiba, na ni ipi ambayo imekwisha kuondoka? Yves Clermont, wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montréal, Kanada, alitumia miaka mingi kuzipanga kwa rangi zake, zile nyeusi zaidi na zile zilizofifia, katika nyani na mtu. Alifikiri kwamba zile nyeusi ndizo zimelala kama akiba. Mwaka wa 1971, Claire Huckins na E. F. Oakberg, kila mmoja kwa utafiti wake, walipendekeza kwamba katika panya seli shina ni zile zinazokaa peke yake, bila kidaraja cha kuziunganisha na jirani. Baadaye, mwaka wa 1993, watafiti wa Uholanzi pamoja na Dirk de Rooij walizihesabu seli hizo za peke yake: karibu 35 000 tu katika korodani moja ya panya, yaani karibu 3 kati ya seli 10 000 za ukoo wa mbegu.

Kazi hizo zilikuwa nzuri, lakini zote zilisimama juu ya sura. Na sura inadanganya. Mchuuzi anaweza kukuonyesha magunia mawili ya maharagi yanayofanana, moja limekauka vizuri na lingine limeliwa na wadudu ndani. Kwa macho huwezi kujua. Lazima upande.

Ralph Brinster, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, alifanya hivyo hasa. Inafaa kulisimulia jaribio lake polepole, kwa sababu ndilo lililobadilisha kila kitu. Brinster ni daktari wa mifugo kwa masomo yake, na pengine si bahati tu kwamba mtu aliyezoea wanyama ndiye aliyefikiri kama mkulima. Yeye na wenzake walichukua panya ambao seli zao zilikuwa na alama ya kurithi: ukizitia dawa fulani, zinageuka rangi ya buluu. Wakatoa seli za korodani za panya hao. Kisha wakatafuta shamba lililo wazi, yaani panya wasiokuwa na mbegu zao wenyewe. Wengine walizaliwa hivyo kwa sababu ya kasoro ya urithi. Wengine walipewa dawa inayoitwa busulfani, ambayo iliua seli zao za mbegu. Msomaji aliweke jina hilo la busulfani akilini, litarudi.

Kwa sindano nyembamba sana ya kioo, seli za buluu ziliingizwa ndani ya mirija mitupu. Kisha kusubiri. Seli nyingi zilikufa ao zilikomaa na kwisha, kama inavyotakiwa kwa seli ambazo zimekwisha kuchukua njia. Lakini chache zilifanya jambo la ajabu: zilipenya kutoka katikati ya mrija mpaka ukutani, zikakaa pale ambapo seli shina hukaa, zikaanza kuzaa. Baada ya miezi, mirija iliyokuwa mitupu ilikuwa na vipande vya buluu, na ndani yake mbegu mpya. Ripoti mbili zilichapishwa mwaka wa 1994. Ya pili ilionyesha kwamba panya wapokeaji walizaa watoto wenye urithi wa panya aliyetoa seli. Baba wa damu hakuwa yule aliyempanda jike.

Tangu siku hiyo, seli shina ya mbegu ya kiume ilipata maana iliyo wazi: ni ile ambayo, ukiipanda katika korodani tupu, inajenga upya kazi yote ya kutengeneza mbegu kwa muda mrefu. Kila kipande cha buluu ni ushuhuda wa seli shina iliyoshika. Ukihesabu vipande, unahesabu seli shina zilizoshika.

Milango ikafunguka haraka. Mwaka wa 1996, kundi hilohilo lilionyesha kwamba seli hizo zinaweza kugandishwa kwa baridi kali, kuyeyushwa baadaye na kufanya kazi, na kwamba seli za panya wakubwa zilizopandwa katika korodani ya panya wadogo zinatoa mbegu za panya wakubwa. Mwaka wa 1999, Takashi Shinohara, akiwa na Brinster, alipata protini za integrini juu ya ngozi ya seli shina, kwa hiyo ikawezekana kuzichuja kutoka kwa zingine. Mwaka wa 2000, watafiti wa Helsinki, Ufini, walionyesha kwamba protini inayoitwa GDNF, inayotolewa na seli za Sertoli zinazolea mbegu, ndiyo inayoziambia seli shina zibaki na kuongezeka: ikipungua, akiba inakwisha, ikizidi, seli zinalundikana bila kukomaa. Kwa msaada wa GDNF, timu za Kyoto na Pennsylvania ziliweza mwaka wa 2003 na 2004 kuzilea seli shina za panya ndani ya vyombo vya laboratware kwa miezi mingi.

Wafugaji wa Masisi na Rutshuru wangependa pia kusikia kwamba mwaka wa 2020 timu ya Jon Oatley, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, ilitangaza madume ya nguruwe, mbuzi na ng'ombe yaliyoondolewa uwezo wa kutengeneza mbegu zao, ili yabebe mbegu za dume bora kwa kupandikizwa seli shina zake. Hiyo ni hadithi nyingine, lakini huenda ndiyo itakayoleta faida ya pesa kwanza.

Je, mambo yamekwisha kueleweka? Hapana, na ni vizuri kulisema bila aibu. Huko Japani, timu ya Shosei Yoshida ilifuatilia seli katika panya walio hai, si baada ya kupandikizwa, na mwaka wa 2007 na 2010 ikaonyesha kwamba seli zilizodhaniwa zimekwisha kuondoka zinaweza kurudi kuwa seli shina, hasa wakati akiba imeharibiwa. Hata zile zilizoshikana kwa vidaraja zinaweza kukatika na kuanza upya. Wengine, kama Oatley, wanashikilia kwamba kuna kundi dogo la seli shina za kweli, linalotambulika kwa protini ya ID4, na kwamba zingine zinajifanya tu wakati wa dharura. Mabishano hayo si ya bure. Kama seli iliyo njiani inaweza kugeuka na kurudi nyumbani, basi korodani iliyoumizwa inaweza kujiponya zaidi ya ilivyofikiriwa.

Kwa mtu, ugumu ni mkubwa zaidi, kwa sababu kipimo cha kupanda hakiwezi kufanywa ovyo. Hakuna anayeweza kuwatia wanaume busulfani kwa sababu ya udadisi. Watafiti waliweka seli za mtu ndani ya korodani ya panya: zilipenya ukutani, ziliishi kwa miezi, lakini hazikutoa mbegu za mtu. Umbali kati ya wanyama hao wawili ni mkubwa mno. Tangu 2018, timu kadhaa, ikiwemo ya Bradley Cairns huko Utah, zinasoma jeni zinazofanya kazi ndani ya kila seli moja moja ya korodani ya mtu, na zimepata kundi linalofanana na seli shina za mwanzo kabisa. Ni picha nzuri. Lakini bado ni picha, na historia ya miaka ya nyuma inafundisha kuwa na tahadhari na picha.

Nyani walisaidia kusogea. Mwaka wa 2012, huko Pittsburgh, Marekani, timu ya Kyle Orwig iliwarudishia nyani seli zao shina baada ya korodani zao kuharibiwa kwa busulfani, na mbegu zikapatikana. Mwaka wa 2019, kundi hilo lilitangaza kuzaliwa kwa nyani jike aliyeitwa Grady: mbegu ya baba yake ilitoka katika kipande cha korodani kilichokatwa kabla ya ubalehe, kikagandishwa, kisha kikarudishwa chini ya ngozi yake na kukomaa humo.

Hapa busulfani inarudi. Dawa hiyo ambayo watafiti waliitumia kufagia ghala la panya na nyani ndiyo pia inayotumiwa na madaktari kumwandaa mgonjwa kabla ya kumpandikiza uboho. Anayepandikizwa uboho anaweza kuwa mtoto wa leukemia. Anaweza pia kuwa mtoto wa ugonjwa wa SS. Kwa mvulana ambaye hajabalehe, hakuna mbegu ya kugandisha. Anazo seli shina tu, na dawa inaweza kuziua zote. Anapona, anakua, anaota ndevu, anaoa. Kisha baraza la familia linaanza kumwangalia bibi yake.

Huko Bruxelles, Ubelgiji, hospitali ya chuo kikuu ya UZ Brussel ilianza mwaka wa 2002 kutunza katika baridi vipande vya korodani vya wavulana wanaongojea matibabu ya namna hiyo. Watoto wa ugonjwa wa SS ni miongoni mwao, na inajulikana kwamba katika Ubelgiji wengi wanaougua SS wana asili ya Afrika ya kati, pamoja na Kongo. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, hospitali hiyo ilitangaza kwamba imemrudishia mwanaume mmoja tishu yake iliyogandishwa alipokuwa mtoto. Ni jaribio, si tiba iliyothibitishwa, na wazazi wasiuziwe ndoto. Tena kwa mtoto wa leukemia kuna hatari kwamba seli za kansa zimejificha ndani ya kile kipande na zitarudishwa pamoja nacho.

Katika Kongo, ugonjwa wa SS si jambo la watu wachache. Uchunguzi uliofanywa Kinshasa juu ya watoto wachanga 31 204 na kuchapishwa mwaka wa 2009 ulikuta 1.4% wana ugonjwa wenyewe na 16.9% wanabeba alama yake. Kinshasa ilikuwa pia kati ya miji ya Afrika iliyoshiriki utafiti wa REACH, uliotangaza mwishoni mwa 2018 kwamba dawa ya hidroksiyure inapunguza maumivu, malaria na vifo vya watoto hao. Mzazi asiisimamishe dawa hiyo kwa sababu ya tahariri hii. Inajulikana kwamba inapunguza mbegu za wanaume wazima wanapoinywa. Kuhusu akiba ya wavulana wadogo, watafiti hawajakubaliana. Mtoto aliyekufa hazai, uhai kwanza. Lakini mzazi ana haki ya kuelezwa.

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa kansa. Limfoma ya Burkitt, inayovimbisha taya na tumbo la watoto katika inchi zenye malaria nyingi, inatibiwa kwanza kwa siklofosfamidi. Dawa hiyo inaokoa maisha, na kwa kiasi kikubwa inaweza kuharibu seli shina za mbegu. Wakati mwingine zinabaki chache na mbegu zinarudi baada ya miaka. Wakati mwingine hazirudi. Daktari anayeandika dawa hiyo bila kumwambia mzazi neno moja juu ya uzazi, akifikiri kwamba "huyo ni mtoto mdogo, tutaona baadaye", anamnyima mtoto kitu ambacho hakigharimu hata franga moja: habari. Kijana wa miaka 16, yeye, anaweza kutoa mbegu zigandishwe kabla ya matibabu, kama familia ina njia ya kufika mahali penye uwezo huo. Kama hakuna aliyemwambia, hata wale wenye njia hawataitafuta.

Kuna watakaosema: majimbo yenye vita kwa miaka 30, ambako kuweka chanjo katika baridi ni mapambano ya kila siku, yatatoa wapi nitrojeni ya kugandisha korodani za watoto? Wana haki. Kudai benki ya tishu Bunia ao Uvira kesho asubuhi ni kupiga kelele. Serkali haijamaliza hata deni la mishahara ya wauguzi. Lakini ujuzi wa seli shina una upande wa pili usiohitaji friji, na upande huo ndio unaosahauliwa zaidi.

Karibu watoto 3 kati ya wavulana 100 waliozaliwa kwa wakati wao wanazaliwa na korodani moja ao zote mbili hazijashuka katika mfuko wake. Kwa waliozaliwa kabla ya wakati ni wengi zaidi. Mara nyingi zinashuka zenyewe katika miezi sita ya kwanza. Kisha hapo, matumaini ni madogo. Mfuko unakaa nje ya mwili kwa sababu ndani kuna joto zaidi, kwa digrii 2 mpaka 4, na seli za mbegu hazilivumilii. Tena ni katika mwaka wa kwanza ambapo seli za mwanzo za mtoto zinageuka kuwa akiba ya seli shina atakayoitumia maisha yake yote. Katika korodani iliyobaki juu, kugeuka huko kunaharibika na seli zinapungua mwaka kwa mwaka. Ndiyo maana vyama vya madaktari wa Ulaya na Marekani vinashauri upasuaji wa kuishusha ufanywe kabla ya miezi 18. Huo si upasuaji wa ajabu. Ni mdogo, na kuushusha mapema kunapunguza pia hatari ya kansa ya korodani.

Huku kwetu, kasoro hiyo mara nyingi inagunduliwa wakati wa tohara kwa wanaotahiriwa wakubwa, ao shuleni kwa kuchekwa na wenzake, ao siku ya kutafuta sababu ya ndoa bila mtoto. Wakati huo korodani inaweza kushushwa, lakini akiba imekwisha kuliwa. Wengine wanaambiwa ni uchawi wa ukoo wa baba.

Kwa hiyo ombi kwa wizara ya afya ya kila jimbo ni la kawaida sana. Siku ya kuzaliwa, na siku za kupima watoto kilo, muuguzi amwangalie kila mvulana: je, zote mbili zipo chini? Aandike jibu katika kadi ya mtoto, kando ya chanjo. Mvulana ambaye jibu lake bado ni hapana katika mwezi wa sita apelekwe kwa daktari wa upasuaji, na gharama isiachiwe familia peke yake. Hospitali za jumla zinazopokea watoto wa kansa na wa SS ziweke katika karatasi ya kukubali matibabu mstari mmoja juu ya uzazi, kwa Kiswahili ambacho mama anakielewa.

Na kwa wanandoa waliosubiri mwaka mmoja bila mimba, wote wawili wapimwe siku moja. Kipimo cha mbegu, kinachoitwa spermogrami, kinahitaji mikroskopi, kikombe safi na fundi wa laboratware aliyefundishwa vizuri. Kikionyesha kwamba hakuna mbegu hata moja, bado kuna swali la kuuliza: je, njia imezibwa, ao ghala ni tupu? Njia iliyozibwa inaweza wakati mwingine kufunguliwa. Ghala tupu, ambalo madaktari wakilichunguza wanakuta mirija yenye seli za Sertoli peke yake kama wale panya wa Brinster, hakuna mzizi wala sindano ya leo inayolijaza. Mwanaume aliyeelezwa hivyo anaweza kuamua na bibi yake kulea mtoto wa ndugu, ao kumchukua yatima, na katika majimbo haya mayatima si haba. Lakini aelezwe akiwa amekaa kando ya bibi yake, kabla mahari haijaanza kudaiwa.